Uyoga wa majani makavu si ugonjwa wa parachichi

Mhariri,

Mvua zikishakolea Rungwe na Njombe, swali ni lile lile kwa wakulima wa parachichi: "Kuna uyoga umeota chini ya miti yangu, nipige dawa gani?" Usipige yoyote.

Uyoga wenyewe ni mdogo mno. Kofia yake haifikii upana wa kucha ya kidole gumba, mingine ni kama kichwa cha pini, na mguu ni mweusi, mgumu, mwembamba kama singa. Wataalamu huita jamii hiyo Marasmius. Kwao ni sakafu ya msitu, kwenye majani yaliyoanguka. Shambani umefuata matandazo tu, yale majani na mabua makavu yanayotandazwa chini ya miti.

Ukitaka uhakika, usiung'oe, inua jani zima. Utaona mguu haukushika udongo, umetokea kwenye jani lenyewe, mara nyingi kwenye mshipa wake. Banua jani lililogandana nalo chini: nyuzi nyeupe, ambazo ndizo mwili wa ukungu wenyewe, zimeyashona pamoja, na pale zilipopita rangi ya kahawia imepauka, jani limelegea kama karatasi iliyolowa. Hapo ukungu umevunja lignini, ile sehemu ngumu inayowashinda bakteria wengi. Kwenye miteremko mikali kazi ya kushona ina faida nyingine: uchunguzi katika misitu ya Puerto Rico ulionyesha kwamba majani yaliyofungwa na nyuzi hizi hayasombwi kirahisi na maji ya mvua. Anayelima miinuko ya Uporoto ataelewa haraka.

Kinachowapoteza wengi ni tabia ya uyoga huu kukauka bila kufa. Jua likiwaka unajikunja mpaka hauonekani; ukilowa, unafunguka tena baada ya muda mfupi na kuendelea kutoa spora, vumbi linalouzalisha kama mbegu. Mkulima amepiga dawa ya kopa (madini ya shaba) Jumatatu, Jumanne jua limewaka, uyoga haupo, naye anaisifu dawa. Mvua ya Alhamisi inamuumbua. Dawa ile hubaki juu juu, nyuzi zimo ndani ya majani, na kopa inayoshuka haiozi: hulimbikizana udongoni na kudhuru minyoo.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye mizizi. Ugonjwa unaoua parachichi kwa kuozesha mizizi husababishwa na Phytophthora, kimelea ambacho hakitoi uyoga kabisa. Dalili zake ni majani madogo yaliyopauka, matawi ya juu kukauka, na vijizizi vyembamba kuwa vyeusi na kukatika ovyo. Hupenda udongo unaotuamisha maji. Kuta za seli zake zimejengwa kwa selulosi, kitu kile kile kinachojenga kuta za seli za mimea. Kuvu (ukungu) wanaoozesha matandazo hutoa vimeng'enya, yaani kemikali za kumeng'enya, vya kuyeyusha selulosi, na vimeng'enya hivyo hukishambulia kimelea hicho pia. Kwa hiyo anayetaka kuwaua kuvu wa majani anamfukuza mlinzi huku mwizi yumo ndani.

Upo uyoga wa kuogopwa. Ukiona kichala cha uyoga wa rangi ya asali, mkubwa, umetoka kwenye shina au mizizi ya mti ulio hai, kwangua gome hapo chini. Utando mweupe ulioenea kama upepeo wa kupepea moto chini ya gome, wenye harufu kali ya uyoga, unaelekea kuwa Armillaria, kuvu anayeozesha mizizi ya miti iliyo hai. Huo huenea kwa mizizi kugusana, na visiki vilivyoachwa wakati wa kusafisha shamba ndivyo maficho yake. Ng'oa mti pamoja na mizizi yake, uchome.

Matandazo yenyewe yawe na kina cha sentimita 10 hadi 15, yaishie walau sentimita 20 kabla ya shina, maana gome likibaki na unyevu wakati wote huoza. Majani ya parachichi yenyewe, mabua ya mahindi na majani makavu ya migomba yanatosha. Kwenda kukwangua majani ya msitu wa asili kwa magunia ni kuuvua msitu nguo, na kuvu hawahitaji kuletwa. Spora husafiri kwa upepo.

Na watoto waambiwe mapema: uyoga huu si wa mboga. Miongoni mwa uyoga mdogo wa kahawia imo yenye sumu inayoharibu ini, haiishi kwa kupikwa, na dalili huweza kuchelewa saa 6 hadi 24 baada ya kula.

Wadau wa kilimo na misitu,
Tukuyu, Mbeya