Ile namba ya Mama

Swahiba,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili. Pole kwa usiku ule. Kuambiwa saa nne usiku kwamba potasiamu ya Mama, ile chumvi ya damu, imefika 6.9 na moyo uko hatarini, halafu alfajiri damu nyingine itoe 4.3, ya kawaida kabisa, nani asingekasirika? Ila hilo la kwamba mashine ya maabara yao ni mbovu, hapo nitakubishia.

Mashine hupima kilichomo kwenye chupa, basi. Namna kilivyofika humo haina habari nayo.

Chembe nyekundu zimebeba potasiamu mara ishirini na zaidi kuliko maji ya damu yanayozizunguka, na sisi tunapima hayo maji. Zikipasuka, zinamwagia humo humo. Na kuzipasua hakuhitaji nguvu: mtu anavuta bomba kwa pupa, au anaisukuma damu kwa kishindo kupitia sindano ile ile, au anaitikisa chupa badala ya kuipindua taratibu. Damu kama hiyo ukishaizungusha kwa mashine ili chembe zizame, maji ya juu yanatoka mekundu badala ya manjano hafifu. Mtu wa maabara mwenye macho anaiona na kuikataa.

Lakini zipo zinazotoka safi na bado zinadanganya. Umeniandikia kwamba mshipa wa Mama ulitafutwa sana, mpira wa kufungia mkono ukakaa dakika kadhaa, naye akaambiwa akunje na kukunjua ngumi. Nadhani mchawi wetu ni huyo. Misuli ikifanya kazi hutoa potasiamu, na mkono umefungwa, itaenda wapi? Ngumi peke yake inaweza kupandisha namba kwa 1 na zaidi, bila chembe hata moja kupasuka. Mpira haufai kuzidi dakika moja. Jokofu nalo lina hila hiyo hiyo: damu ambayo haijatenganishwa ikilazwa kwenye baridi, chembe hushindwa kuizuia potasiamu yake, ikavuja kimyakimya.

Sukari ndiyo huenda kinyume. Chembe zinaendelea kuila ndani ya chupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa kwenye joto la kawaida la chumba. Sampuli ikisahaulika mezani tangu asubuhi hadi mchana, mgonjwa wa kisukari anaweza kuonekana mzima.

Usidhani nakuhubiria nikiwa msafi. Nilipokuwa mgeni kazini maabara, chupa ya kizibo chekundu ilikuwa na damu kidogo, nikaiongezea kutoka ile ya kizibo cha zambarau. Si damu ya mtu mmoja? Potasiamu ikatoka zaidi ya 14, kalsiamu karibu na sifuri. Mkubwa wangu akaniuliza kama mgonjwa amefariki. Nikamwambia hapana, nimemwacha anapiga soga. Akanyamaza akinitazama mpaka nikaelewa: dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye kizibo cha zambarau ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu. Nilikuwa nimepima dawa.

Kuhusu daktari wa zamu, mwondolee lawama. 6.9 hailazwi hadi kesho. Alimpima Mama umeme wa moyo, akaona uko sawa, akaagiza damu ichukuliwe upya. Mimi pia ningefanya hivyo.

Safari ijayo wewe kaa karibu naye. Ngumi asikunje. Akiwa na dripu, damu itoke mkono mwingine, maana maji ya dripu yakichanganyika humo utaletewa namba za dripu. Na jina liandikwe kwenye chupa pale pale kitandani, wewe ukiona. Chupa zinazoandikwa baadaye mezani ndizo zinazoninyima mimi usingizi kuliko potasiamu yoyote.

Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie ile alama ya zambarau mkononi itaisha yenyewe, asiisugue.

Wako wa siku zote.