Pesa ya korosho, lenzi moja: zumu au praimu?

Ndugu Mhariri,

Malipo ya korosho yakianza kuingia, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa na Nachingwea, vijana wanaoishi kwa kupiga picha za harusi, ngoma na habari huulizana swali lile lile: ninunue lenzi gani? Jibu wanalopewa ni moja, na hutolewa haraka mno: nunua zumu ya pembe pana, inafanya kila kitu. Tunaomba nafasi katika safu yenu tulipinge jibu hilo. Pesa ya msimu mzima inazama kwenye kioo kisichofaa kwa kazi iliyo nyingi huku kwetu, kazi ambayo huanza jua likishazama.

Zumu ni lenzi inayovuta. Ukizungusha pete, eneo la picha hupanuka au hubana, tuseme kutoka milimita 16 hadi 35 (milimita zikiwa chache, eneo ni pana). Praimu haivuti. Ukinunua ya milimita 24, ni 24 leo na kesho, na ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unamsogelea kwa miguu. Fidia ya kubanwa huko ni tundu la lenzi, linalopitisha mwanga: namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Zumu pana za bei ya kati zina tundu la f/4, nyingine f/4.5 hadi f/5.6. Zile za f/2.8 huuzwa kwa bei kubwa zaidi, na ni nzito: Canon EF 16-35 f/2.8 ya toleo la tatu ina gramu 790. Praimu ya milimita 24 yenye f/1.8 ni nyepesi zaidi ya nusu. Ya Nikon kwa kamera za kioo (DSLR) ina gramu 355, ya Canon RF, kwa kamera zisizo na kioo (mirrorless), gramu 270.

Sasa twende kwenye ngoma ya usiku. Uwanja una balbu mbili zilizoning'inizwa kwenye mwembe, waya unatoka kwenye jenereta, na watu wamezunguka duara. Chukulia kwamba kwa ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 3200 na tundu la f/2.8, mwanga huo unakupa shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde. Kwa f/4 itakuwa 1/30. Kwa f/5.6 imeshuka hadi 1/15. Praimu ya f/1.8 inakupa karibu 1/150, na ya f/1.4 inakufikisha 1/250. Sindimba huchezwa kwa kiuno na miguu yenye kasi. Chini ya 1/125 uso wa mchezaji unaanza kuyeyuka, na ukitaka hata kisigino kionekane kimeganda hewani, unahitaji 1/250. Hapo mwenye zumu ya f/4 hubaki na njia mbili: kupandisha ISO hadi picha ijae chenga, au kuwasha flashi. Wauzaji humwambia kwamba zumu yake ina kizuia mtikisiko. Ni kweli inacho, lakini kinatuliza mkono wa mpiga picha. Mchezaji anaendelea kucheza.

Flashi kwenye pembe pana ina ubaya wake. Aliyesimama mita 1 kutoka kwenye kamera hupata mwanga mara tisa ya aliye mita 3. Ndiyo maana picha nyingi za ngoma zina mtu mmoja mweupe kama chokaa mbele na wapiga ngoma waliomezwa na giza nyuma. Flashi iliyo ndani ya kamera haifiki pembeni ukipanua sana, na pipa nene la zumu hutupa kivuli cha nusu duara chini ya picha. Lipiko (mchezaji aliyevaa kinyago) akiingia uwanjani, flashi ya usoni inafuta mikato yote ya mchongo, na mikato hiyo ndiyo kazi ya fundi. Mwache aangaziwe na balbu ya ubavuni, fungua tundu, utaona kinyago kina mashavu.

Praimu nayo ikiwa wazi kabisa ina kasoro. Pembe za picha huwa nyeusi kidogo, na taa zilizo pembeni huota mabawa. Ibane kidogo hadi f/2 au f/2.2, kasoro hizo hupungua sana. Kina cha picha kali nacho kina mpaka: 24 kwenye f/1.8, ukifokasi mtu aliye mita 2 kwa kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), vinavyokaa vikali ni vya kati ya mita 1.7 na 2.5 hivi. Fokasi jicho la aliye karibu, usifokasi umati.

Tunaipenda praimu pana pia kwa sababu ya heshima. Mwali anapotolewa ndani, mwenye 24 lazima asimame hatua mbili kutoka kwake na kwa kungwi. Huwezi kufika pale bila kupiga hodi. Wenye shughuli watakueleza kipi ni cha kamera na kipi si cha macho ya wageni, nawe utatii. Anayevuta kutoka nyuma ya uzio huchukua picha ambayo hakupewa.

Ukaribu huo una kanuni zake. Aliye ukingoni mwa fremu hunenepa na kichwa hurefuka. Weka watu kwenye theluthi mbili za katikati. Kwa sensa kubwa, milimita 24 kwa umbali wa mita 3 inashika upana wa mita 4.5, na theluthi mbili zake ni mita 3: watu sita hivi bega kwa bega, na nafasi imebaki kila upande. Wakizidi, rudi nyuma au panga safu mbili. Usimpige bibi arusi uso mtupu kutoka nusu mita, pua itatangulia. Pua hiyo inakuzwa na umbali wako, hata kwa zumu ingekuwa vile vile.

Tumesema mara mbili sensa kubwa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kamera nyingi zilizo mikononi mwa vijana zina sensa ndogo. Kwa Nikon na Sony za aina hiyo zidisha milimita kwa 1.5, kwa Canon zidisha kwa 1.6. Ile 24 inakuwa 36 au 38, na kijana anayeifunga akitarajia upana hukuta lenzi yake haifiki hata pale zumu iliyokuja na kamera, ya 18-55, inapofika. Canon EF-S 24 f/2.8 ni nzuri, ina gramu 125 tu, lakini pembe pana siyo. Ukitaka upana wa kweli kwenye sensa ndogo tafuta milimita 15 au 16. Kwa kamera zisizo na kioo ipo Sigma 16 f/1.4, gramu 405. Kwa kamera za kioo zenye sensa ndogo, praimu pana zenye tundu kubwa ni chache, na hapo sisi wenyewe tunakubali zumu: Sigma 18-35 iliyotoka mwaka 2013 ina f/1.8 mwanzo hadi mwisho, ingawa ina gramu 810. Tokina 11-16 ya f/2.8 hupatikana mkononi kwa waliokwisha itumia.

Mahali ambapo zumu inashinda waziwazi ni kwenye majengo, mchana. Mikindani, kwenye vichochoro vya nyumba za mawe ya matumbawe, mgongo wako ukishagusa ukuta wa upande wa pili, miguu haina msaada tena. Fanya hesabu: uko mita 4 kutoka kwenye nyumba, kamera umeisimamisha wima kwenye usawa wa macho bila kuiinua. Milimita 24 inafika kimo cha mita 4.6 hivi. Milimita 16 inafika mita 6. Nyumba ya ghorofa bado itakatwa paa, na ukiinua kamera kuta zitaegemeana kama zinaanguka. Dawa ni kuomba kupanda dirisha la ghorofa ya jirani, au kusimama kimshazari, upige na 16 kisha ukate sehemu ya barabara baadaye. Kilwa Kisiwani ni hivyo hivyo: ndani ya Msikiti Mkuu nguzo zinakuzuia kurudi nyuma, na Husuni Kubwa iko juu ya genge la bahari, kwa hiyo kurudi nyuma ni kuanguka. Magofu hayatembei. Weka stendi, tundu f/8, shata hata nusu sekunde, na f/4 ya zumu haitakuumiza kitu. Anayeishi kwa kupiga picha za utalii, hoteli na nyumba za kuuza anunue zumu ya 16-35 f/4, au 10-18 kwa sensa ndogo, bila majuto.

Mnada wa korosho mchana unaweza kwa lenzi yoyote, ila praimu yenye alama za umbali ina raha moja. Kwa 24 na sensa kubwa, weka f/8, zima fokasi ya kamera, weka alama kwenye mita 2.5: kuanzia mita 1.25 hivi hadi upeo wa macho kila kitu ni kikali. Unabonyeza tu. Kwa mpira wa uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, hakuna hata moja kati ya hizi itakayokusaidia. Hiyo ni kazi ya milimita 200 na kuendelea.

Vumbi la maghalani na chumvi ya bahari vinaua lenzi zote mbili, kila moja kwa njia yake. Zumu inayorefuka ikivutwa hupumua: kila ukizungusha pete inanyonya hewa na vumbi lake. Praimu hainyonyi sana, lakini hukulazimisha kubadilisha lenzi. Usibadilishe ghalani wala kwenye mashua. Ikibidi, zima kamera, geuza mdomo wake chini, upe upepo mgongo, lenzi mpya iwe tayari mkononi. Kwenye kivuko cha Kilwa Masoko funga filta ya kioo cheupe. Zumu zenye kioo cha mbele kilichovimba, kama Nikon 14-24 f/2.8 ya kamera za kioo, hazipokei filta ya kawaida, nasi hatushauri zipelekwe baharini. Chumvi ikikauka kwenye kioo usiifute kavu, ni sawa na kupiga msasa. Puliza kwa pampu ya mkono, gusa kwa kitambaa laini kilicholowanishwa maji safi, kisha kikavu.

Nyumbani adui ni kuvu. Mkoba wa ngozi hushika unyevu. Hifadhi lenzi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli, na uikaushe jeli ikibadilika rangi. Mchele tunausikia ukisifiwa, lakini unaacha unga.

Kabla hujatoa shilingi, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Fungua picha zako 300 za mwisho ulizopiga na 18-55, soma kila moja ilipigwa milimita ngapi. Zikijazana kwenye 18, unahitaji upana. Zikitawanyika, labda kweli wewe ni mtu wa zumu. Kisha gandisha pete kwenye 18 kwa utepe na ufanye kazi mbili za kweli hivyo hivyo, moja iwe ya usiku. Ukitamani kuzungusha pete, andika. Ukitamani mwanga, andika. Hesabu itakuamulia.

Ukinunua iliyotumika, bandika kurasa nne za gazeti hili ukutani, moja kila kona ya fremu, simama sambamba na ukuta, piga kwa tundu lililo wazi kisha kwa f/8. Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu zinasomeka, vioo vya ndani vimehama, iache. Pitisha tochi ya simu ndani ya lenzi utafute nyuzi kama utando wa buibui. Zumu iinamishe chini: ikiteleza yenyewe, imechoka. Mwenye Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 ajue kwamba lenzi za zamani za AF-D hazitafokasi zenyewe, kwa kuwa kamera hizo hazina mota ndani. Mwenye Canon ya kioo yenye sensa kubwa asinunue EF-S, haitaingia.

Tunamshauri nini basi kijana ambaye tayari ana 18-55 na ana pesa ya lenzi moja? Praimu pana, yenye f/2 au namba ndogo zaidi ya hapo, au ile Sigma 18-35 kama kamera yake ni ya kioo yenye sensa ndogo. Zumu ya pili ya f/4.5 itampa upana alioukosa mchana na giza lile lile usiku. Hofu kwamba praimu itamnyima picha ya karibu haina uzito kwa kazi ya gazeti: picha ya pikseli milioni 24 iliyopigwa na 24 ikikatwa iwe kama ya 35 inabaki na milioni 11, upana wa pikseli zaidi ya 4,000. Hata ikikatwa iwe kama ya 50, zinabaki zaidi ya 2,800, na hizo zinatosha kujaza upana wa ukurasa.

Picha huharibikia njiani, zinapotumwa WhatsApp kama picha za kawaida badala ya dokumenti, zikafika kwenu zimebanwa. Tunawaomba mchapishe, hata kwa mistari miwili, upana wa pikseli mnaouhitaji na anwani ya barua pepe ya kupokelea picha zisizobanwa.

Wapiga picha wa Mikindani na Lindi Mjini