Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: mafunzo ya usalama hayafiki juu ya paa

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi,
Dodoma.

YAH: MAFUNZO YA USALAMA KWA MAFUNDI WA KUPAUA

Pole na majukumu. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninaowasemea hawana chama wala ofisi, na wengi wao wataisoma barua hii kwenye simu wakiwa kijiweni.

Mimi ni fundi wa kupaua niliyeishia kuwa mkufunzi. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imekwenda katika kufundisha watu kupanda juu na kushuka wakiwa wazima: vyuoni, kwenye makampuni, na chini ya miembe pia.

Kwenye makampuni siku hizi nakuta kofia ngumu, riflekta na mabango. Mkaguzi akija anaviona, anaweka tiki. Si vibaya. Lakini nyumba nyingi za nchi hii hazipauliwi na kampuni. Anapaua fundi mmoja na saidia fundi wawili au watatu, wameitwa kwa simu na kupatana bei ya kazi nzima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi na kumpa mafunzo. Hapo mwajiri ni nani? Mwenye nyumba anasema yeye ni mteja tu. Fundi mkuu anasema naye ni kibarua kama wenzake. Kijana akianguka, hakuna aliyemchangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, basi linapitishwa daftari mtaani.

Wapo wanaodhani dawa ni kugawa mikanda ya usalama, ile ya kuvaa mwilini na kufungwa kwa kamba ili fundi asianguke hadi chini. Mheshimiwa, mkanda una hesabu yake. Kamba yake ya kawaida ni kama mita 1.8. Kifaa cha kupunguza mshtuko kinaweza kufumuka kwa mita 1 nyingine na zaidi. Ongeza kimo cha mtu kuanzia pale kamba inaposhika mgongoni hadi nyayoni, kisha nafasi ya tahadhari: unakaribia mita 6. Ukuta wa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu ni mita 3 hivi. Fundi aliyeifunga kamba hiyo usawa wa miguu yake atafika chini kabla mkanda haujamzuia, tena akiwa ameuvaa vizuri na picha ameshapigwa. Na ataifunga wapi? Kwenye papi, ule ubao mwembamba wa kupigilia bati, wa inchi mbili kwa mbili, ulioshikwa na misumari? Mkanda unafaa kwa aliyefundishwa kutafuta pa kuufunga, juu ya kichwa, kwa kamba fupi.

Kwenye nyumba ya chini, kinachookoa ni jukwaa imara la kusimamia fundi na kazi nyingi kumalizwa ardhini. Ngazi ipite ukingo wa paa kwa mita 1, na kwa kila mita 4 za kwenda juu mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Bati lenye umande lisikanyagwe, na lililotandikwa bila kupigiliwa lisiaminiwe kabisa. Ukitembea, fuata mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi. (Bati la geji 32 linabonyea hata ukilitazama.) Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni bati la mwanga, lile la plastiki la kupitisha mwanga ndani, lililozeeka. Jua limelikausha, vumbi limelifunika, halitofautiki na mengine mpaka mguu uzame. Vigae vya asbesto vya majengo ya zamani navyo ni hivyohivyo, na vumbi lake ni balaa jingine. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, umelitaja suala la paa zinazovunjika kwa kukanyagwa. Sisi bado tunalifundisha kwa bahati, anapotokea mzee wa kazi wa kulisema.

Ombi langu ni moja: mafunzo yamfuate fundi. Anaishi kwa ujira wa siku, hatakaa darasani wiki nzima. Mpeni nusu siku, kwenye nyumba inayopauliwa kweli, au kwenye duka la mabati anakokwenda kuchukua kamisheni yake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari inarasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Asipewe cheti cha kupaua mtu ambaye hajafunga jukwaa mbele ya msimamizi. Kisha kibali cha ujenzi cha halmashauri kiandikwe jina la atakayepaua na namba ya cheti hicho. Najua VETA iko kwa mwenzako wa Elimu na halmashauri ziko TAMISEMI. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, kwani OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, iko kwako na unaweza kuwaita wote meza moja.

Anzeni na kata moja, kabla ya vuli. Mvua ikinukia kila mwenye nyumba anataka bati lipande wiki hiyohiyo, na vijana wanapandishwa juu hata jioni giza likiingia. Nipo tayari kuja kufundisha hiyo kata, na jukwaa la kufundishia ninalo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi na mkufunzi wa kupaua