Miraba 12 Kutoka Mikono 12: Tunavyomalizia Blanketi la Viraka la Kikundi

Mfuko unafika hapa dukani umefungwa vizuri. Ndani mna miraba 12 ya vitenge, kila mmoja umeshonwa na mama wake, na mwenyekiti wa kikundi anasema, "Fundi, kazi imekwisha, wewe unganisha tu." Walikubaliana kila mraba uwe sentimita 30. Tunaitandaza mezani na kuipima: huu 30, huu 29, ule pale 31 na nusu, na mmoja ni 30 upande huu, 29 upande wa pili.

Kina mama, hapo hakuna mzembe. Mshono hula kitambaa. Mmoja ameacha milimita 6 pembeni, mwenzake ameacha 7. Milimita 1 ni kitu gani? Lakini kila mshono unashika vipande viwili, kwa hiyo zimeliwa 2. Mraba wenye safu 5 za vipande una mishono 4 katikati, basi umeshapungua milimita 8. Bado hatujataja kitenge kilichokatwa mshazari, ambacho kinavutika kwa kupigwa pasi tu, wala kile kipya ambacho hakikuloweshwa na kitarudi kikifuliwa.

Zamani nilikuwa natumia mkasi. Natafuta mraba mdogo kuliko yote, mingine naikata ilingane nao. Safari moja kikundi kutoka Chamwino kilileta miraba ya zawadi kwa muuguzi aliyekuwa anastaafu. Mmoja ulikuwa wa bibi aliyeshona kwa mkono ua la vipande vya khanga, mishono midogo kama punje za ulezi. Nikaukata. Ncha za ua zikaingia ndani ya mshono, na blanketi lilipofuliwa mara ya pili, nyuzi zikaanza kutoka pale pale. Waliponiletea nilirekebishe, bibi alikuwa nao. Alipitisha kidole palipofumuka, hakusema neno. Tangu siku ile mraba wa mtu siukati.

Sasa kila mraba tunauzungushia fremu ya kitambaa cha pamba cha rangi moja, pana kuliko inavyohitajika. Kisha tunakata fremu, mraba tunauacha ulivyo. Mraba mdogo unabaki na fremu pana kidogo, mkubwa fremu nyembamba, na likishaunganishwa jicho halitambui. Kila mmoja ukitimia sentimita 35 baada ya kuunganishwa, miraba 12 ikipangwa 3 kwa 4 inatoa blanketi la sentimita 105 kwa 140. Linatosha kumfunika mtoto wa chekechea, au magoti ya mzee akiota jua asubuhi.

Kabla ya kuunganisha tunajaribu rangi. Tunalowesha kona, tunaweka kitambaa cheupe juu yake na kukandamiza kwa pasi. Wekundu na buluu iliyokoza ndizo zinazotusumbua zaidi. Kwa vumbi letu la Dodoma blanketi litafuliwa mara nyingi, na kitenge kimoja kinachochuja kinaharibu kazi ya watu 11.

Kwa ndani, tafadhali msituletee sponji. Likikamuliwa kwa mkono linakatikakatika, na kukauka ni shida. Blanketi jepesi linafaa zaidi, hata kuukuu alimradi safi, na linatosha kwa baridi ya usiku ya Juni na Julai.

Wengi huuliza kwa nini tunatoza kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tabaka kwa muda, wakati uzi wenyewe unakuja kutolewa. Bitana inakaa chini, ikizidi sentimita 5 kila upande, kisha lile blanketi jepesi la ndani, kisha uso wenye miraba. Tunapiga bandi kuanzia katikati kwenda nje, mstari kila baada ya upana wa kiganja. Ukiiruka hatua hii, bitana inajikunja chini ya mguu wa cherehani nawe huoni, mpaka ugeuze blanketi. Kufumua huko ni kazi kubwa kuliko bandi yenyewe. Baada ya hapo cherehani inapita juu ya fremu tu. Ua la bibi haliguswi.

Pindo linahitaji utepe wa mita 4.9 kuzunguka, pamoja na kama sentimita 30 za maungio na kona. Kitenge chenye upana wa sentimita 110 kinatoa tepe 5 zinazotosha.

Mnapoleta miraba, msiinyooshe kingo kwa mkasi, hata kama imepinda. Leteni na mabaki ya vitenge vyenu, kwani mara nyingi tunapata kiraka cha kuokoa kona. Kazi huchukua wiki 2. Ya Krismasi tunaipokea hadi katikati ya Novemba.

Na leteni karatasi yenye majina ya walioshona, yakiandikwa kama wenyewe wanavyopenda kuitwa, Mama fulani au jina la kuzaliwa. Tunayadarizi kwenye kitambaa cheupe na kukishona nyuma, kona ya chini, bila malipo.