Mama Neema, pamba ya chupa itumie, ila nisikilize kwanza

Majengo, Moshi
7 Julai 2024

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo inatusumbua. Wiki nzima mlima umejifunika na hata saa sita mchana watu wanatembea na masweta. Najua ninyi huko Sekei, Arusha, mnatetemeka kutuzidi. Baba Upendo anakusalimu, na mtoto wako ameshapona kikohozi.

Barua yako niliipokea Jumanne, nikaisoma, nikaiweka chini ya cherehani ili nisiisahau. Kumbe haikuwa ya kusahaulika. Umepata oda ya mifarishi kumi na miwili, yale mashuka mazito ya kujifunika yenye pamba katikati, ya nyumba ya wageni, nimefurahi sana, umeipigania kazi hiyo muda mrefu. Sasa mwenye duka anakuuzia pamba iliyotengenezwa kwa chupa za plastiki, nawe unaogopa kwamba wageni wa watu watajifunika plastiki, na wakijua watakudharau. Shoga yangu, mwaka jana nilishtuka hivyo hivyo. Niliishika dukani nikairudisha.

Aliyenitoa ujinga ni Upendo, aliporudi likizo. Aliniuliza, "Mama, sketi yangu ya shule ilikuwa kitambaa gani?" Nikamwambia tetroni, nani asiyejua? Akaniambia tetroni na chupa ya maji ni kitu kimoja, tofauti ni umbo. Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, ndio waliokitengeneza mwaka 1941 wakitafuta uzi wa nguo. Chupa zake zilikuja baadaye, miaka ya 1970. Nilikaa kimya. Miaka ishirini nimeshona tetroni, watoto wa watu wameivaa juani na mvuani, leo ninaiogopa kwa sababu ilipitia kwenye chupa?

Wanavyoitengeneza ni hivi. Chupa zinachambuliwa, vifuniko na karatasi vinatolewa, zinakatwakatwa vipande vidogo kama maganda ya mahindi, zinaoshwa, kisha zinayeyushwa kwenye moto wa nyuzi joto kama 260. Ule uji unasukumwa kwenye sahani yenye matundu membamba mno, unatoka kama tambi zinavyotoka kwenye mashine, ila tambi hizi ni nyembamba kama unywele. Zikipoa zinakunjwakunjwa mawimbi, zinakatwa fupi fupi, zinachanwa na kulazwa tabaka juu ya tabaka. Yale mawimbi ndiyo yenye kazi. Yanashika hewa isitoke, na joto la mfarishi ni hiyo hewa iliyotulia humo ndani.

Basi nilinunua ya mfarishi mmoja, futi tano kwa sita, nikasema nitamshonea mama kule Kibosho. Nilipoipima ilikuwa gramu 600. Nikaenda kwa Mangi wa duka la kona, nikaweka kwenye mizani yake chupa kumi za nusu lita bila vifuniko: gramu 140. Piga hesabu mwenyewe, ni chupa kama 43 bila kuhesabu zinazopotea kiwandani. Unamkumbuka yule kijana anayepita asubuhi na kiroba akiokota makopo? Tangu siku ile nikimwona naona vitanda.

Mama alikuwa na mfarishi wa sufi tangu enzi za marehemu baba. Unajua sufi ilivyo: laini siku za kwanza, halafu inajikusanya pembeni mabonge mabonge, katikati unabaki umejifunika vitambaa viwili vitupu. Kuufua ni adhabu. Huu mpya niliufua mwenyewe kwenye beseni Agosti iliyopita, siku isiyo na jua hata kidogo, nikauanika chini ya baraza. Jioni ulikuwa mkavu. Pamba hii hainywi maji, yanapita tu katikati ya nyuzi na kudondoka. Kwa nyumba ya wageni inayobadilisha matandiko kila siku, hapo tayari una sababu ya kuichukua.

Sasa makosa yangu, usiyarudie.

La kwanza, kitenge sikukifua kabla. Kitenge cha pamba kinarudi kikifuliwa, pamba ya chupa hairudi hata nukta. Baada ya kufua ule mfarishi ulijikunja kila penye mshono. Mama alisema umependeza hivyo hivyo, lakini mteja wako hatasema. Loweka vitenge vyote usiku kucha, vianike, ndipo ukate.

La pili ni pasi. Nilikwisha kuunganisha viraka, nimepiga bandi, ule mshono wa muda, tabaka zote tatu: viraka, pamba na bitana, nikasema ninyooshe kidogo kabla ya kushona moja kwa moja. Pasi yangu ya mkaa ilikuwa imekolea. Niliinyanyua nikaona kona nzima imelala, imekuwa bapa na ngumu kama kadibodi, na haikuinuka tena. Nilikata kona ile nikaweka nyingine, mikono ikinitetemeka. Nyoosha viraka peke yake, na bitana peke yake, kabla hujaweka pamba. Ikishaingia katikati, pasi iwe ya uvuguvugu na isikandamize.

La tatu liangalie wakati wa kuchagua rangi. Pamba mbovu hutoa nyuzi zinazopenya kitambaa, zikachungulia juu ya kitenge cheusi kama mvi. Dukani sugua kiganja juu yake mara kumi. Kiganja kikijaa nyuzi, achana nayo. Na uzipite tabaka kwa mshono kila inchi tatu au nne, hata mwenye duka akikwambia inchi nane zinatosha.

Hili la mshono nalisema kwa uchungu kidogo, nivumilie. Pamba ya shamba ikichakaa unaitupa shimoni inaoza na migomba inaila. Hii haiozi. Mfarishi ulioshonwa ovyo utapasuka baada ya mwaka, pamba itatoka, na itarudi kwenye mfereji ule ule chupa zilikookotwa, tena safari hii hakuna wa kuiokota, kwa sababu kiroba cha nyuzi chafu hakinunuliwi na mtu. Umeuona mto Themi wakati wa masika. Ndiyo maana nakusihi, shona kama unamshonea mama yako, idumu miaka kumi na tano. Na ukifua, ujue vinatoka vinyuzi vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyokwenda na maji. Mimi nachuja maji ya kwanza kwa kitambaa kizito, halafu nayamwaga shimoni, siyamwagi mferejini. Havikamatwi vyote, najua, ila siwezi kukaa bila kufanya hivyo.

Linalobaki ni moto, na hili ndilo lililonifanya nichelewe kukujibu, nilitaka niliseme vizuri. Mama ana mazoea ya kujitanda ule mfarishi alfajiri akienda kuwasha jiko. Mwezi wa tano cheche iliruka kutoka kwenye mafiga. Nilipokwenda kumsalimu alinionyesha tundu, dogo kama punje ya mtama, na ukingo wake mweusi, mgumu, unakwaruza kidole. Nilipoligusa tumbo lilinishika. Pamba ya kawaida ikiungua inaacha majivu. Hii inayeyuka, na tone lake likidondokea ngozi linagandia pale pale na kuendelea kuunguza. Nilimnunulia blanketi la sufu ya kondoo la kwendea jikoni, na mfarishi nikamwapiza usitoke chumbani.

Kwa hiyo mwulize mwenye nyumba ya wageni: vyumba vingapi vina meko ya kuni? Huenda vipo, kwa ajili ya baridi ya huko juu. Vyumba hivyo washonee kwa pamba ya shamba, hata kama bei itapanda. Vilivyobaki weka pamba ya chupa bila wasiwasi. Wala usifiche. Mwambie waziwazi imetokana na nini, na umhesabie kwa mizani chupa ngapi ziko kitandani kwake. Mimi nilifanya hivyo kwa mteja mmoja wa Rau, akaagiza mingine miwili.

Ndani ya bahasha nimekuwekea vipande viwili, kimoja cha pamba ya shamba na kimoja cha chupa. Kata nyuzi kidogo za kila kimoja, zishike kwa koleo, uziunguze nje kwenye upepo, si mbele ya watoto. Ya shamba itanukia karatasi iliyoungua. Ya chupa itajikunja, itatoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu. Ukishakijua kishanga hicho hakuna muuzaji wa soko la Kilombero atakayekudanganya.

Niandikie vitenge ulivyochagua. Ukikwama kwenye kupiga bandi, nitapanda basi Ijumaa nilale kwako, tushone wote mpaka Jumapili.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Mama Upendo