Risala ya Klabu ya Uraia kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Sheria, Uvinza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Hakimu Mfawidhi wa Mahakama ya Wilaya. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wenyeji, mwakeye!

Mheshimiwa, karibu kwenye mji wa chumvi. Maji ya chumvi yamechemshwa hapa kwa zaidi ya miaka 1,000, kabla hata ya neno "wilaya" kufika. Wilaya yenyewe bado changa: ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Kigoma Vijijini, na sasa ni moja kati ya wilaya sita za mkoa wetu, makao makuu yake yakiwa Lugufu.

Mwaka huu tulianza na ramani. Tulipasua viroba vinne vya chumvi, tukavishona, tukachora wilaya kwa rangi iliyobaki bwenini. Reli ya Kati ilituchukua dakika mbili, maana imenyooka. Mto Malagarasi ulitusumbua: unatoka kaskazini, unajikunja, unapita hapa kwetu, kisha unaingia Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala. Kusini tukaweka Milima ya Mahale, na kilele cha Nkungwe chenye mita 2,462. Nyuma ya milima hiyo, kona ya mwisho ya kiroba, ndipo kilipo kijiji cha Kalya, kando ya ziwa.

Tulipovuta uzi kutoka Kalya hadi Lugufu, mwenzetu anayetoka huko akacheka. Akasema uzi huo anaweza kuufuata ndege tu. Binadamu hupanda boti.

Ndipo akatusimulia habari za bibi yake. Alishindwa kesi ya madai katika Mahakama ya Mwanzo, akaambiwa anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Siku 30 si haba, kwa mtu anayeishi kando ya barabara. Bibi alingoja nakala ya hukumu, akangoja nauli ipatikane kwa kuuza mawese, akangoja ziwa litulie. Nakala aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaibana ndani ya kanga kiunoni. Wimbi likaingia chomboni. Akashuka na karatasi ambayo wino wake umekuwa bluu moja tu. Alipopata nakala nyingine, muda ulikuwa umekwisha. Hatusemi alikuwa na haki katika shauri lile. Tunasema hakusikilizwa.

Tulisoma Katiba, Ibara ya 107A, inayozitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya kimsingi. Tukabishana usiku kucha kama wimbi ni sababu ya kimsingi. (Mwalimu wa zamu alituzimia taa.)

Swali jingine lilitoka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili: je, Mkuu wa Wilaya anaweza kumwelekeza Hakimu amfunge nani? Tulimjibu kwa Ibara ya 107B kwamba mahakama ziko huru. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, madiwani tunawachagua wenyewe, lakini hakuna kati yao anayekaa kwenye kiti chako. Hakuridhika sana. Amekaa mstari wa mbele, tunaomba umjibu mwenyewe.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Mwaka 2019 Mahakama ilizindua mahakama inayotembea kwa magari, ikaanzia Dar es Salaam na Mwanza. Tulifurahi, kisha tukaitazama ramani yetu. Kwa vijiji vya mwambao wa kusini, mahakama inayotembea ingefaa ije kwa boti, hata mara moja kwa miezi mitatu, ikiwa na hakimu, karani na mhuri, ipokee rufaa na kutoa nakala pale pale ufukweni.

Ramani ipo mezani mbele yako, pamoja na kalamu nyekundu. Tunaomba kabla hujaondoka uweke alama mahali ambapo boti hiyo ingetia nanga kwanza.

Naomba kuwasilisha.