Hotuba ya aliyeshindwa ndio ya kuisikiliza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, manake karibu wiki mbili sasa hapa kwetu Kisauni hakuna stori nyingine ila mikutano mikuu ya vyama vya Marekani ya mwaka huu wa 2008, ya kupitisha wagombea urais, ule wa Democratic kule Denver kwanza halafu huu wa Republican kule St. Paul uliokwisha Ijumaa alfajiri, na naona tumeshangilia mengi lakini lile kubwa limetupita hivi hivi.

Nianze na Obama, mgombea wa Democratic, najua ndio mnamtaka. Ile Ijumaa ya tarehe 29 Agosti watu waliamka usiku kama wanaowahi feri, kule Denver ilikuwa saa mbili usiku wa Alhamisi na huku kwetu ishafika saa kumi na moja alfajiri. Kwa muuza kahawa wetu, ana kiruninga cha inchi 14 antena kaifunga kwa waya kwenye mwembe, tulikuwa zaidi ya thelathini, wengine wamesimama njiani na mswaki mdomoni. Uwanja wa mpira mzima umejaa, watu kama 84,000. Mwanzo tu alipotaja kijana aliyetoka Kenya na msichana wa Kansas, wallahi vikombe vya kahawa vilimwagika, watu wanakumbatiana kama Harambee Stars imefunga bao, na mimi pia nilipiga kelele sikatai. Lakini baada ya hapo nusu ya watu wakaondoka! Mtu kasikia Kenya imetajwa basi, kaenda zake kuoga. Yale ya kodi, ya bima ya matibabu, ya vita vya Iraki, ya kazi kuhamishwa nchi za nje, na ndio hotuba yenyewe, tuliobaki kusikiliza hatukuzidi kumi.

Halafu tarehe yenyewe, 28 Agosti. Wamarekani wanaikumbuka kwa ile hotuba ya Martin Luther King, 1963. Sisi tungeikumbuka kwa jambo letu wenyewe, manake tarehe hiyo hiyo 2006 huyu huyu Obama alisimama pale Chuo Kikuu cha Nairobi akatwambia wazi wazi habari ya ufisadi na ukabila, na serikali haikufurahi. Miezi kumi na sita baadae, kura ya urais ilipozozaniwa, tukachinjana.

Sasa nije kwa lililonifanya nichukue kalamu. Jumatano ya wiki ile ile, tarehe 27, alfajiri, alizungumza Hillary Clinton, aliyeshindwa na Obama kwenye mchujo wa chama chao. Dada yangu yuko kwangu tangu Januari, aliolewa Eldoret na duka lao likachomwa. Alikuja na basi wakati ule mabasi yanasindikizwa na polisi, ana watoto watatu, blanketi moja, na ufunguo wa duka. Duka ni majivu lakini ule ufunguo mpaka leo umo kwenye mkoba wake, sijawahi kumuuliza kwa nini. Hapa anapika mahamri ya kuuza, kwa hivyo saa hizo huwa macho na mimi ndio nilimuwashia runinga. Kizungu hakimkai sana nikawa namfasiria.

Hillary akatoka na suti ya rangi ya chungwa, dada akaniuliza, huyu si ndiye aliyeshindwa? Mbona anacheka? Nikamwambia sikiliza. Akasema wazi kuwa yeye ni mfuasi wa Obama, akasema wote ni chama kimoja, halafu akawageukia watu wake mwenyewe, wale waliomlilia na kumchangia pesa na kumpa kura milioni 18 kwenye mchujo, akawauliza: nyinyi mlikuwa mnanipigania mimi tu? Ama mlikuwa mnampigania yule kijana mwanajeshi, na yule mama mgonjwa wa saratani anayelea watoto, na yule mtoto na mamake wanaoishi kwa mshahara wa chini kabisa? Nilipomfasiria hayo dada aliacha kugeuza, mahamri ya karai ile yote yakaungua, akasema maneno matatu tu, "Kumbe yanasemekana haya."

Kesho yake nikaona marudio ya kura za wajumbe. Majimbo yanaitwa moja moja, ilipofika zamu ya New York akaonekana Hillary katikati ya wajumbe wake, akaomba hesabu isimamishwe na Obama apitishwe kwa sauti ya wote. Ukumbi ukaitika. Na mtu asinambie ilikuwa rahisi kwake manake amepigania kile kiti miezi na miezi, walikuwapo wanawake wanalia pale ukumbini na kuna wafuasi wake walioapa watampigia McCain, mgombea wa Republican, kuliko Obama. Alikuwa na kila sababu ya kuwaacha na hasira zao akanyamaza tu. Hakunyamaza.

Najua mtanambia ile ni kura ya chama sio uchaguzi wenyewe. Sawa. Lakini hata sisi ya chama tushaiweza, mumesahau Kasarani kule Nairobi? Tarehe 1 Septemba mwaka jana chama cha ODM walipiga kura yao ya kuchagua mgombea urais pale, Raila akapata 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368, Balala wetu wa hapa Mombasa alishajitoa akamuachia Raila, na wote wakapanda jukwaa moja wameshikana mikono hakuna aliyerusha hata jiwe. Kwa hivyo msiniambie Mwafrika hajui kushindwa, hilo silikubali. Ikaja Novemba, kura za mchujo za ubunge, fujo tupu, na mwisho wa Disemba nchi ikawaka, watu zaidi ya elfu wakafa na wengine mpaka leo wako kwenye mahema. Miezi minne tu tangu Kasarani! Na siku zote zile moto unawaka nilikuwa nimekaa na redio sikioni, nilisikia wa upande huu akilaumu upande ule, wa upande ule akilaumu huu, nilisikia na kuombwa amani pia, lakini sikumsikia kiongozi hata mmoja wa upande wowote akiwauliza watu wake mwenyewe swali la Hillary. Mnanipigania mimi tu? Mpaka akaja Kofi Annan kutupatanisha.

Kuhusu Sarah Palin, mgombea mwenza wa McCain. Nilimtazama Alhamisi tukishamaliza daku na kuswali alfajiri, na haki isemwe, anajua kuongea, ukumbi mzima ulikuwa mkononi mwake. Ila pale alipoikejeli ile kazi ya zamani ya Obama kule Chicago, ya kuwakusanya watu wa mitaa iliyofungiwa viwanda vya chuma wapiganie haki zao, akasema umeya wa mji mdogo ni kama kazi hiyo ila wenyewe una majukumu, niliumia. Mimi niko kwenye kamati ya maji ya mtaa huu mwaka wa nne sasa, hatulipwi, na bomba tulilofikisha kwenye madrasa yetu tulilichangisha nyumba kwa nyumba. Hayo ni majukumu. Lakini matusi anayotukanwa barazani hapa, kwa kuwa binti yake wa miaka 17 ana mimba, hayo siyataki hata kidogo, na Obama mwenyewe alishasema familia zisiguswe na mamake alimzaa akiwa na miaka 18. Sasa wewe unayejiita shabiki wa Obama unamtetea kwa lipi hapo?

Na McCain, ambaye hapa jina lake hutajwa kwa kusonya tu, ndiye aliyetoa tangazo la runinga usiku ule ule wa Denver kumpongeza mpinzani wake, akamwambia kesho tunarudi ulingoni lakini usiku wa leo umefanya kazi nzuri. Mzee aliyekaa kifungoni Vietnam zaidi ya miaka mitano. Sikusikia mtu akilizungumza barazani, mara moja tu kwenye redio basi.

Mhariri, ninalokuomba ni hili. Picha za nyumba ya Mama Sarah, nyanyake Obama, kule Kogelo tumeziona, ng'ombe tumewaona, kuku pia. Tufasirieni ile hotuba ya Hillary Clinton muichapishe yote, ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili ambacho mtu wa sokoni atakisoma. Dada yangu kila siku ananiuliza yale maneno yalikuwaje vile, na mimi sikuyashika yote.

Msomaji wako wa kila siku,
Kisauni, Mombasa
Septemba 2008